Mbwa mkubwa anayetafuna kila kitu: Mpe kazi, usimpe jiwe

MIAKA ya 1970, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, bwana mmoja aitwaye Joe Markham alikuwa na mbwa aina ya German Shepherd, jina lake Fritz, aliyewahi kufanya kazi ya polisi. Fritz alikuwa na tabia iliyomtia bwana wake wasiwasi: alikuwa akitafuna mawe, na meno yake yakawa yanasagika. Markham alimpa hiki na kile, mbwa akavikataa vyote. Kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na kampuni yake, siku moja alipokuwa akitengeneza gari lake la Volkswagen, Fritz alidaka kipande cha raba kilichofunguliwa chini ya gari hilo, na hakutaka tena kukiachia. Kilikuwa kigumu kiasi cha kutomalizika, na laini kiasi cha kutomvunja meno. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1976 ikaanzishwa kampuni ya KONG, ambayo raba zake zenye umbo la matufe matatu yaliyopandana zinauzwa leo katika maduka mengi ya vifaa vya wanyama huku Ulaya na Marekani.

Kisa hicho kina masharti mawili ndani yake: kisimalizike, na kisimvunje meno. Wanunuzi wengi hukumbuka sharti la kwanza tu. Mwenye mbwa wa kilo 40 aliyekwisha kuraruliwa viatu na makochi huingia dukani akiuliza kitu kimoja: "Nipe kisichovunjika." Hapo ndipo kosa linapoanza.

Si anasa

Najua wapo wasomaji, hasa walioko nyumbani, watakaosema kuna watoto hawana madaftari na sisi tunaandika habari za mbwa kununuliwa vitu vya kuchezea. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini wenzetu wengi huku ughaibuni wanaishi na mbwa, wengine kwa hiari na wengine kwa kazi. Wapo wanaolipwa kwa saa kuwatembeza, wapo wanaowahudumia wazee wenye mbwa, na wapo waliooa au kuolewa katika familia ambamo mbwa amewatangulia ndani ya nyumba. Hawa wanajua maana ya kurudi jioni na kukuta mguu wa meza umechambuka kama mswaki wa mwarobaini. Mpangaji hukatwa fedha zake za dhamana, mfanyakazi hulaumiwa, na mara nyingine mwisho wake ni mbwa kupelekwa kwenye makao ya wanyama waliokosa wenyewe.

Tuanze basi na sababu. Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni, ambayo huanza kung'oka akiwa na umri wa miezi minne hivi, na hadi kufikia mwezi wa saba huwa amepata meno yake ya ukubwani, ambayo ni 42. Katika kipindi hicho fizi humuwasha na hutafuna ili apate nafuu. Hata akishapevuka haachi, kwa kuwa kutafuna ndiyo kazi ya taya lake na ndiyo njia yake ya kutulia. Isitoshe, mbwa wengi wakubwa tunaowaona huku ni wa koo zilizozalishwa kwa kazi: Labrador kumletea mwindaji ndege aliyeangushwa, Rottweiler kuswaga ng'ombe, German Shepherd kuchunga kondoo. Mfungie mbwa wa namna hiyo ndani ya fleti saa nane bila shughuli, naye atajitafutia ajira mwenyewe. Hakufanyii uadui.

Ugumu una mpaka wake

Madaktari wa meno ya wanyama wanalijua vizuri jino moja ambalo huvunjika sana: lile kubwa la juu, upande wa shavu, ambalo mbwa hulitumia kukatia kama mkasi. Akiuma kitu kigumu kuliko jino, kipande cha jino hubanduka ubavuni na kiini chenye mishipa hubaki wazi. Tatizo ni kwamba mbwa huficha maumivu. Ataendelea kula na kutikisa mkia, huku usaha ukijikusanya kwenye mzizi. Tiba yake ni kusafisha na kuziba mzizi au kuling'oa jino, na yote hayo hufanyika chini ya nusukaputi kwa gharama kubwa.

Ndiyo maana mifupa, pembe za kulungu, kwato za ng'ombe na vile vijiti vya nailoni ngumu kama kigae havifai kwa mbwa mwenye nguvu za taya, hata kama muuzaji atavisifu vipi. Mfupa uliopikwa una hatari zaidi kwa sababu hupasuka na kuwa vipande vyenye ncha. Mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma kuhusu mifupa iliyosindikwa inayouzwa kwa ajili ya mbwa, baada ya kupokea taarifa za mbwa waliougua na wengine kufa.

Kuna vipimo viwili rahisi ambavyo huhitaji fundi kuvifanya. Cha kwanza, bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa kidole gumba. Kikibonyea kidogo au kuacha alama, meno ya mbwa yatapata nafasi. Cha pili, jiulize kama ungekubali kugongwa nacho gotini. Kama hukubali, usimpe mbwa akitafune.

Laini kupita kiasi nako kuna balaa lake

Upande wa pili wa mizani ni kile kinachoraruka. Midoli ya kitambaa yenye kifaa cha kulia ndani, mbwa mkubwa huipasua kwa dakika chache na kumeza sufu pamoja na kile kifaa. Kamba ni mbaya zaidi akiachwa nazo peke yake: nyuzi ndefu zikimezwa hunasa, na utumbo unapojaribu kuzisukuma hujikunja na unaweza hata kukatika. Kamba ni ya kuvutana wewe na yeye, kisha unaiweka juu ya kabati.

Mpira wa tenisi, unaopendwa na kila mtu, una kasoro mbili. Manyoya yake hushika mchanga na kuyasugua meno kama msasa, na kwa mbwa mkubwa unaweza kuteleza hadi kooni na kumziba pumzi. Kanuni ni kwamba kitu chochote kinachoweza kupita nyuma ya magego yake ni kidogo mno kwake. Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Kwa mfano, raba ya kawaida ya KONG ya ukubwa wa L imekusudiwa mbwa wa kilo 13 hadi 30, XL kilo 27 hadi 41, na XXL wale wa kilo 38 na kuendelea. Mbwa akiwa katikati ya vipimo viwili, chukua kikubwa. Epuka pia mpira wenye tundu moja tu, kwani ulimi unaweza kuvutwa ndani na hewa na kunasa. Matundu mawili huipa hewa njia.

Rangi nazo zina maana. Katika raba za kampuni hiyo, nyekundu ni ya mbwa wa kawaida na nyeusi ni ya wenye taya kali. Kampuni nyingine ya Marekani, Goughnuts, hutengeneza pete nene za raba zenye tabaka jekundu ndani. Mbwa akitafuna hadi wekundu ukaonekana, hiyo ni ishara ya kumnyang'anya. Hilo ni wazo la busara, kwa sababu linakubali kwamba hakuna kitu kisichokwisha.

Chakula ndicho kinachokipa uhai

Hapa ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui. Kinachokifanya kitu cha kuchezea kidumu si unene wa raba peke yake, bali ni kile anachokipata mbwa kutoka humo. Kitu kitupu humwachia njia moja tu ya kujiburudisha, nayo ni kukichana. Kitu chenye chakula ndani humfanya alambe, akivingirishe, akidondoshe, akifikirie. Ulimi na pua hufanya kazi ambayo ingefanywa na meno. Kikisha, kichukue, na kesho utakuwa nacho tena.

Namna ya kukijaza haina ufundi mkubwa. Chukua sehemu ya chakula chake cha kila siku, kiloweke kwa maji hadi kilainike, shindilia ndani ya raba, kisha ilaze kwenye friza. Kilichoganda huchukua muda mrefu zaidi kumalizika kuliko kikavu. Lakini anza na rahisi: mara ya kwanza tia punje kavu zinazodondoka zenyewe, ajue kwamba jitihada inalipa. Ukianza na kigumu atakata tamaa, na aliyekata tamaa hurudi kwenye mguu wa meza.

Hiki ni chakula, si nyongeza juu ya chakula. Kipunguze kwenye bakuli. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba takriban robo ya mbwa aina ya Labrador wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC inayohusiana na kuhisi shibe. Mbwa hao hufurahia sana vitu vya namna hii, na hao hao ndio wanaonenepa upesi.

Ukitumia siagi ya karanga, soma lebo kwanza. Zailitoli, sukari mbadala ambayo kwenye pakiti huandikwa xylitol au birch sugar, ni sumu kali kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Zabibu mbichi na kavu, vitunguu na chokoleti navyo ni marufuku.

Tofautisha pia vyombo vya kutafuna na vyombo vya kufumbua. Mbao zenye vidroo na vifuniko, za aina zilizobuniwa na Nina Ottosson wa Sweden, humfundisha mbwa kufungua kwa pua na kucha ili apate chakula. Ni nzuri kwa akili, ila hazikutengenezwa kwa ajili ya meno. Kaa naye, akimaliza uondoe. Hali kadhalika vile vya plastiki ngumu vinavyoyumba na kudondosha punje moja moja: ni vya kusukuma, si vya kuguguna.

Muuzaji asikutishe na maneno

Vitu vya kuchezea vya watoto nchini Marekani vina viwango vya lazima vya usalama. Vya mbwa havina viwango vya namna hiyo. Neno "hakivunjiki" kwenye pakiti ni tangazo la biashara tu. Afadhali uulize: kikiharibiwa na mbwa, kampuni itanibadilishia? Kampuni inayokubali kwa maandishi angalau inajiamini.

Kwa walioko nyumbani, Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, mazoea ya kumpa mbwa kipande cha tairi kuukuu yaachwe: tairi nyingi zina nyaya za chuma ndani. Zipo njia zisizohitaji fedha. Tawanya punje za chakula chake kwenye majani, aitafute moja moja kwa pua. Fungia chakula ndani ya maboksi mawili yaliyopachikwa, baada ya kutoa pini na gundi za karatasi, na umwangalie asimeze boksi lenyewe. Ila tusidanganyane: mbwa wa ulinzi aliyefungwa mnyororo mchana kutwa hahitaji raba kwanza, anahitaji kufunguliwa na kutembezwa. Naye anayetafuna milango na kutokwa mate kila anapoachwa peke yake huenda ana hofu ya upweke, na huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

Kwa kila mwenye mbwa mkubwa, vitu viwili au vitatu vinavyopokezana vinatosha. Vikague kila jioni unapoviosha. Kikiwa na ufa au kipande kimenyofoka, kitupe siku hiyo hiyo hata kama ulikinunua juzi. Mbwa akianza kutapika, kukataa chakula au kukunja mgongo kwa maumivu ya tumbo, usingoje kuche. Upasuaji wa kutoa kitu kilichonasa utumboni huku Marekani hugharimu maelfu ya dola, na aliyechelewa huweza kulipa zote na bado akarudi nyumbani na kamba ya shingoni peke yake.