Je, Wajua? Basi la Dar es Salaam–Kigali Hupita Singida

Basi liendalo Kigali kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,400, hupita Dodoma, makao makuu ya Tanzania, kisha hukatiza Mkoa wa Singida kupitia Manyoni, Ikungi na mjini Singida, ambako mafuta ya alizeti, asali na kuku wa kienyeji ni biashara mashuhuri. Katika Wilaya ya Iramba barabara huteremka Mlima Sekenke, na hapo dereva hulazimika kutumia gia nzito, yaani gia ya chini inayolizuia gari lisishike kasi, hadi afike Shelui kwenye tambarare ya Wembere.

Jambo la ajabu zaidi hutokea Rusumo, kwenye daraja la Mto Kagera. Tanzania huendesha magari upande wa kushoto na Rwanda upande wa kulia, kwa hiyo basi hilo huhama upande mpakani, na mlango wake, uliotengenezwa kwa barabara za Tanzania, hugeuka kutazama katikati ya barabara, jambo linalomtaka utingo awe macho kila abiria anaposhuka. Adha hiyo haimkuti dereva wa basi la Buenos Aires (Argentina) hadi Santiago (Chile), ingawa naye huvuka mpaka katika milima ya Andes, kwa kuwa katika Amerika ya Kusini ni Guyana na Suriname pekee ndizo zinazoendesha kushoto.

Safari ndefu kama hii sasa yaweza kuendelea usiku nchini Tanzania, kwa kuwa zuio la mabasi kusafiri usiku, lililodumu takriban miongo mitatu, liliondolewa mwaka 2023.