KASINO ZA SARAFU ZA KIDIJITALI: MIZANI NI JAMBO MOJA, MALIPO NI JINGINE

Mkulima wa kahawa wa Tarime afikishapo mzigo wake katika chama cha msingi huwa na maswali mawili. La kwanza ni la mizani: je, kilo zake zimepimwa kwa haki? La pili ni la fedha: je, chama kinazo za kumlipa? Mizani yaweza kuwa imekaguliwa na kupigwa muhuri, na bado mkulima akazungushwa miezi mingi bila malipo. Maswali hayo hayo yafaa kuulizwa juu ya kasino za mtandaoni zichezwazo kwa sarafu za kidijitali, ambazo hufikiwa kwa simu ya mkononi kutoka kata ya Bomani kwa wepesi ule ule wa kutoka London. Jambo hili linavihusu vyama moja kwa moja. Mkopo uliotolewa kwa ajili ya mbolea ukipotelea huko, pengo hubaki katika vitabu vya chama, na hubebwa na wanachama ambao hawakucheza.

Kuhusu mizani, kasino hizi hujivunia utaratibu wauitao haki inayothibitika. Kabla ya mchezaji kuweka dau, mtambo huchagua namba ya siri, kisha humpa mchezaji alama yake, yaani msururu wa herufi na tarakimu uliotokana na namba ile kwa njia ya hesabu. Alama hiyo ni mithili ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri: haionyeshi kilichomo, lakini kilichomo hakiwezi kubadilishwa bila kugundulika. Mchezaji naye huongeza namba yake, na matokeo hutokana na mchanganyiko wa zote mbili. Baadaye siri hufunuliwa, na ajuaye hesabu anaweza kuhakiki.

Hesabu hiyo si ulaghai, ni madhubuti. Ila huwalinda wale tu wanaohakiki, na michezo mingi inayoletwa na watengenezaji wa nje haimo kabisa katika utaratibu huo. Isitoshe, huthibitisha kwamba matokeo hayakugeuzwa, wala haisemi lolote juu ya bei. Chukua gurudumu la ruleti lenye namba 37. Mtu akiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba ametoa 37,000, na namba moja itakaposhinda atarudishiwa 36,000. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye nyumba, pasipo hila yoyote. Hata mchezo unaokata asilimia 1 tu humaliza mtaji: aliye na shilingi 10,000 akizizungusha mara 100 amecheza dau la jumla ya 1,000,000, na asilimia 1 yake ni zile zile 10,000 alizoanza nazo.

Swali la pili ndilo zito zaidi. Mchezaji aonapo salio lake kwenye kioo cha simu, anachoona ni ahadi. Sarafu zenyewe zimo mikononi mwa kampuni. Baadhi ya kampuni huonyesha hadharani sarafu walizo nazo ili kuwatuliza wateja, lakini mhasibu yeyote wa chama atauliza mara moja: na madeni ni kiasi gani? Mali bila madeni ni nusu ya mizania. Soko la sarafu la FTX, ambalo halikuwa kasino, lilifilisika Novemba 2022 baada ya fedha za wateja kutumiwa na kampuni ndugu. Mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Upo pia wizi: Septemba 2023 kasino ya Stake iliibiwa sarafu zenye thamani ya dola za Marekani zipatazo milioni 41.

Mfano ulio karibu zaidi na mada ni wa BC.Game. Novemba 2024, mahakama ya kisiwa cha Curaçao ilitangaza kufilisika kwa kampuni iliyokuwa ikiiendesha, kufuatia madai ya wachezaji waliosema hawakulipwa. Wakati huo jina lake lilikuwa kifuani mwa jezi za timu ya Leicester City ya Uingereza. Jezi, kumbe, si hati ya ukaguzi. Biashara hiyo iliachana na leseni ya Curaçao na kuendelea chini ya leseni ya Anjouan, katika visiwa vya Komoro, majirani zetu wa Bahari ya Hindi. Anayedai haki yake, basi, hana budi kwanza kujua ni kampuni ipi anayoidai na iko chini ya sheria ya kisiwa gani.

Hapa nchini, michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi iliyo chini ya sheria ya mwaka 2003, na kasino ya mtandaoni isiyo na leseni ya Bodi hiyo haina mdhamini wala mkaguzi Tanzania. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali, na wapo wanaoitaja kodi hiyo kana kwamba ni kibali. Kutozwa kodi si kupewa leseni.

Wazee wanaikumbuka DECI, iliyowataka watu wapande mbegu na kuahidi mavuno maradufu. Mwaka 2009 Serikali iliweza kuizuia kwa sababu fedha zilikuwa katika benki za nchini na viongozi wake walikuwa hapa hapa. Mwaka 2013 walitiwa hatiani. Sarafu ikishahamishwa kwenda kasino ya ng'ambo hairudishwi na aliyeituma, na polisi wa Tarime wakifungua jalada hawatakuwa na benki ya kuiandikia barua izuie akaunti.