Msitu wa Theluji Nao Una Chakula Chake

Asiyefika kaskazini ya dunia huenda akadhani kwamba nchi inayolala chini ya theluji kwa miezi mingi haioti kitu cha kuliwa. Lakini huko Ufini, ifikapo Julai, wazee kwa watoto huingia katika misitu ya misonobari, ndoo mikononi, kwenda kuchuma. Desturi ya nchi humruhusu kila mtu kuchuma, hata katika msitu usio wake.

Udongo wa huko ni maskini na wenye asidi, maana majani huoza polepole mno kwa baridi. Kiangazi nacho ni kifupi. Lakini maumbile yana fidia yake: kaskazini kabisa, jua halitui kwa majuma kadhaa, na mimea hupata mwanga usiku na mchana. Theluji yenyewe ni blanketi. Machipukizi yasiyofunikwa huunguzwa na baridi.

Tunda moja la kiangazi ni dogo, rangi ya buluu nzito, nalo huitwa mustikka. Mwezi wa Septemba huja puolukka, jekundu na kali. Hilo lina asidi ya asili izuiayo kuoza, hata watu wa kale waliliponda na kulihifadhi bila sukari majira yote ya baridi. Akiba haiozi.

Hata hivyo, msitu haukuweza kuziba pengo la shamba. Mwaka 1867 majira ya kuchipua yalichelewa mno, na mapema Septemba jalidi, yaani umande ulioganda, ikaua nafaka kabla ya kuvunwa. Wakulima waliambua ganda la ndani la msonobari, wakalikausha, wakalisaga na kulichanganya na unga kidogo uliobaki, wakaoka mkate. Watu zaidi ya 100,000 walipoteza maisha, wengi kwa maradhi yaliyofuatana na njaa.

La ajabu ni kwamba Wasami, wenyeji wa kaskazini, walikuwa wakila ganda hilohilo siku zote, pamoja na nyama na samaki. Kwao lilikuwa kitoweo cha kawaida. Kwa mkulima asiye na kitu kingine, lilikuwa dalili ya msiba.

Matunda ya msitu huipamba meza ya familia, lakini ghala la nafaka ndilo huilinda nyumba.