Kiini kimoja, nyuzi mbili: nani apewe nafasi?

Kompyuta yenye viini vinne mara nyingi hujitambulisha kwenye Windows kuwa na vichakataji nane. Sababu ni kwamba kila kiini kinapokea mikondo miwili ya amri kwa pamoja, na kila mkondo huitwa uzi. Uzi una rejista zake na kumbukumbu yake ya amri uliyofikia. Vilivyobaki karibu vyote hutumiwa kwa pamoja: vikokotozi, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya chipu), na foleni ambamo amri husubiri zamu.

Kiini cha kisasa kinaweza kuanzisha amri nne au zaidi kwa kila pigo la saa yake, lakini ni nadra uzi mmoja kuwa na amri zote hizo tayari. Moja hungoja jibu la nyingine. Data isipokuwepo kwenye kashe hufuatwa kwenye kumbukumbu kuu, na safari hiyo hula mamia ya mapigo. Mwaka 1995, Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kuwa nafasi hizo tupu zinaweza kujazwa na amri za nyuzi nyingine katika pigo lilelile. Intel iliuza wazo hilo kuanzia 2002 kwa jina la Hyper-Threading, ikisema limeongeza ukubwa wa chipu kwa chini ya asilimia 5 na kasi ya baadhi ya kazi za seva kwa hadi asilimia 30.

Faida hiyo hutegemea sana ugawaji. Tuseme uzi wa kwanza unangoja data kutoka kumbukumbu kuu. Amri zinazoitegemea data hiyo haziwezi kutoka kwenye foleni, na kiini kinaendelea kuchota nyingine nyuma yake mpaka foleni inajaa. Ni kama mteja aliyetandaza bidhaa zake kaunta nzima kisha akaenda kutafuta hela. Uzi wa pili uko tayari kabisa, ila hauna pa kuweka amri zake.

Chipu ya Pentium 4 ya Intel ilitibu hili kwa kuweka ukuta. Bafa inayotunza mpangilio wa amri ilikuwa na nafasi 126. Nyuzi mbili zikiwa kazini, kila mmoja uliishia 63. Uzi mmoja ukisimama kwa amri ya HALT, uliobaki ulirudishiwa zote. Ni njia salama, lakini uzi wenye mahitaji madogo huacha nafasi zikikaa bure huku wa pili ukibanwa.

Mimi navutiwa zaidi na kanuni ya ICOUNT, iliyochapishwa 1996 na kundi lilelile la Washington na wenzao: katika kila pigo, chota amri za uzi wenye amri chache zaidi zinazosubiri. Haihitaji kujua programu inafanya nini. Uzi uliokwama hurundika amri, kwa hiyo husogezwa nyuma wenyewe. Unaokwenda mbio hupewa zaidi. Tatizo ni kwamba uliokwama bado hukalia nafasi ulizokwisha kuchukua. Mwaka 2001, Tullsen na Jeffery Brown walipendekeza amri hizo zifutwe na kuchotwa upya data ikishafika. Kazi hurudiwa na umeme hutumika, lakini foleni hufunguka.

Watafiti wa Barcelona, akina Francisco Cazorla na Mateo Valero, walikuja na hoja tofauti mwaka 2004. Uzi unaongoja kumbukumbu ukipewa nafasi zaidi, kwa kikomo, unaweza kutuma maombi kadhaa ya data mara moja na kungoja yote kwa pamoja. Naona hoja hii ina nguvu, kwa sababu inatenganisha uzi unaozuia njia na uzi unaotumia vizuri muda wake wa kungoja.

Kuna gharama nyingine pia. Nyuzi zinazotumia kashe moja zinaweza kuchunguzana kwa kupima muda, na kwa hofu hiyo, Juni 2018 mfumo endeshi wa OpenBSD ulianza kuizima Hyper-Threading kwa chaguomsingi.

Haya yanamhusu hata anayekodi seva. Kwenye mashine nyingi za Intel za Amazon, vCPU moja, yaani kichakataji pepe unachokodi, ni uzi mmoja, si kiini kizima. Mwenye hesabu nzito zinazogombea vikokotozi vilevile apime kazi yake uzi wa pili ukiwa umezimwa, kabla ya kulipia mashine kubwa zaidi.