Peugeot 504: Gari lililomfaa mkulima, na kampuni iliyomwacha njiani

NA MWANDISHI WETU

KATIKA masoko ya mboga ya nyanda za juu za Kenya, bado si ajabu kuona pikapu nzee aina ya Peugeot 504 ikishusha kabeji alfajiri. Rangi imebabuka, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini injini inanguruma na mwenyewe hana wasiwasi wa kurudi nyumbani.

Nchini Ufaransa ambako gari hili lilizaliwa, pikapu ya mwisho ya aina hiyo iliundwa mwaka wa 1993. Humu nchini, kazi ya kuziunganisha ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hivyo hata ile changa kabisa unayoiona barabarani imeshatimiza zaidi ya miaka 20.

Ilikuwaje kampuni iliyounda gari ambalo wakulima na wafanyabiashara wa mazao walilipenda hivyo ikawapoteza wateja hao? Na anayetafuta gari la kubebea mazao leo ana la kujifunza nini katika kisa hiki? Jibu limo katika magari ya kampuni hiyo yenyewe, moja baada ya jingine, na katika masoko yaliyolengwa.

Kutoka kinu cha kahawa hadi gari

Wengi hawajui kwamba Peugeot haikuanza na magari. Mnamo 1810, ndugu wa ukoo huo mashariki mwa Ufaransa waligeuza kinu cha nafaka kuwa kiwanda cha chuma. Walitengeneza misumeno, vinu vya kusagia kahawa na pilipili manga, na baadaye baiskeli. Nembo ya simba ilisajiliwa mwaka wa 1858, nayo ilikuwa ya misumeno: ilimwahidi mnunuzi meno makali kama ya simba.

Gari la kwanza, lililoendeshwa kwa mvuke, lilitokea 1889. La petroli likafuata muda mfupi baadaye. Mwaka wa 1929 kampuni ilizindua 201, na tangu hapo ikashika desturi ya kuyaita magari yake kwa tarakimu tatu, sifuri ikiwa katikati. Kampuni ya Porsche ilipotaka kuliita gari lake 901, Peugeot iliweka pingamizi, na Porsche ikalazimika kuliita 911.

Magari ya barabara mbovu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, barabara za Ulaya zilikuwa zimeharibika na fedha ni haba. Peugeot ikaleta 203 mwaka wa 1948, gari la kawaida lisilo na madaha, lakini gumu. Sifa zake zilivuka bahari: mwaka wa 1953 gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Redex ya kuzunguka Australia, yaliyopitia maelfu ya kilomita za vumbi na mawe.

Mwaka wa 1955 likaja 403, ambalo baadaye liliuzwa pia likiwa na injini ya dizeli. Mwaka wa 1960 likafuata 404. Hili ndilo lililolitangaza jina la Peugeot katika Afrika Mashariki, na tangazo lake kubwa lilikuwa matope.

Mashindano ya Safari Rally ya mwaka wa 1963 yalikumbwa na mvua kubwa hivi kwamba magari saba pekee yalifika mwisho. La kwanza lilikuwa 404 lililoendeshwa na Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff. Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda kwa 404 mwaka wa 1966 na tena 1967. Mwaka wa 1968 mvua ilirudi, yakamaliza magari saba tu kwa mara nyingine, na Nowicki na Cliff wakashinda tena kwa gari lile lile la 404.

Aliyetazama gari hilo likitoka topeni hakuhitaji kusomewa tangazo lolote. Alijua kwamba madereva hao ni wakazi wa huku, na kwamba gari wanaloliendesha linafanana na lile linalouzwa mjini.

504 na maisha yake mengi

Peugeot 504 lilizinduliwa mwaka wa 1968, na mwaka uliofuata likatangazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Kwa Wafaransa, hili lilikuwa gari la heshima la familia: viti laini, mwendo mtulivu, umbo lililochorwa na wasanifu wa Pininfarina wa Italia.

Hata hivyo, jina 504 halikuwa gari moja. Saluni iliyouzwa Ulaya ilikuwa na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja lilipanda na kushuka peke yake, ili abiria wasihisi mitikisiko. Gari refu la familia lilipewa ekseli moja nzima iliyounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, pamoja na springi maradufu kila upande, ili libebe watu na mizigo bila kulala. Pikapu, iliyokuja mwaka wa 1979, ilifuata njia hiyo ya ekseli nzima na iliweza kubeba zaidi ya tani moja.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mkulima ndiyo faida na hasara. Magunia 11 ya mahindi ya kilo 90 kila moja ni kilo 990. Gari linaloweza kuyabeba yote kwa safari moja humpunguzia mwenyewe nusu ya gharama ya mafuta ikilinganishwa na lile linalohitaji safari mbili.

Ndiyo maana 504 liliishi maisha tofauti katika kila nchi. Nigeria, kiwanda cha Kaduna kilichoanza kazi mwaka wa 1975 kililifanya kuwa gari la maafisa wa serikali na la teksi za masafa marefu. Argentina iliendelea kuliunda hadi 1999, miaka 16 baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake. China nako, kiwanda cha Guangzhou kilichoanzishwa katika miaka ya 1980 kiliunda pikapu za 504 pamoja na gari la 505.

Humu Kenya, magari marefu ya 504 yalisafirisha abiria kati ya Nairobi na miji kama Nakuru na Kisumu, na watu walizoea kusema tu kwamba wanasafiri kwa "Pijo". Pikapu zilibeba maziwa, mboga, mbolea na hata watu. Mwaka wa 1975 Ove Andersson aliliongoza 504 hadi ushindi wa Safari Rally, na Jean-Pierre Nicolas akafanya hivyo mwaka wa 1978.

Jumla ya 504 zilizotengenezwa duniani ilipita milioni tatu. Kadiri zilivyozidi kuwa nyingi, ndivyo vipuri vilivyozidi kupatikana. Fundi wa jua kali aliyefunzwa kufungua injini moja alizijua zote, na gari lililokufa kijiji kimoja lilitoa vipuri vya kufufua lingine kijiji cha pili.

Njia panda

Lakini makao makuu ya kampuni yalikuwa Ufaransa, na huko mteja alikuwa amebadilika. Barabara zilikuwa nzuri. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, watu walitaka magari mepesi, madogo na yasiyokunywa mafuta mengi. Kampuni nayo ilikuwa imejitwika mizigo mikubwa kwa kuinunua Citroën na kisha matawi ya Ulaya ya Chrysler, na ilihitaji gari litakalouzwa kwa wingi upesi.

Gari hilo lilikuwa 205, lililozinduliwa 1983. Lilipendwa mno Ulaya na liliiokoa kampuni. Mwaka wa 1987 likaja 405, ambalo nalo lilishinda tuzo ya Gari Bora la Mwaka la 1988.

Magari haya mawili yalitofautiana na 504 kwa jambo moja kubwa: injini yake ilizungusha magurudumu ya mbele badala ya yale ya nyuma. Mpango huo huokoa nafasi na uzito, na kwenye lami hauna neno. Lakini ukipakia mzigo nyuma ya gari kama hilo na kupanda mlima, uzito huelemea nyuma, pua hunyanyuka kidogo, na magurudumu yanayovuta hukosa uzito wa kuyakandamiza chini. Katika matope ya mwezi wa Aprili, tairi huzunguka bure.

Hii haina maana kwamba 405 lilikuwa gari baya. Nchini Iran, kampuni ya Iran Khodro iliendelea kulitengeneza kwa zaidi ya miaka 20 baada ya Ulaya kuliacha. Wairani walifika hata kulifunga bodi la 405 juu ya mitambo ya Paykan, gari lao la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ili wapate gari la bei nafuu ambalo mafundi wao walikuwa wamelizoea. Huko soko lilipata mtu wa kulishughulikia.

Mkulima wa Afrika Mashariki hakupata wa kumshughulikia. Pikapu ya 504 ilizeeka bila mrithi. Na wakati huo huo, katika miaka ya 1990, Kenya ililegeza masharti ya biashara na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika. Mnunuzi aliyekuwa akisubiri Peugeot ilete kitu kipya alikuta pikapu na magari ya mizigo ya Kijapani yakimngoja bandarini, bei ikiwa nafuu. Mafundi wakahamia huko, na wauzaji wa vipuri wakawafuata.

Kurudi kwa kuchelewa

Peugeot ilirejea mwaka wa 2017, ikaanza kuunganisha magari mjini Thika. Lakini yaliyoanza nayo yalikuwa 508 na 3008, magari ya meneja wa mjini, si ya mwenye shamba. Mwaka huo huo kampuni ilitangaza pikapu kwa ajili ya Afrika, iliyotokana na gari la mshirika wake wa China, Dongfeng. Mwaka wa 2020 ikazindua Landtrek, pikapu ya tani moja iliyobuniwa pamoja na Changan, pia ya China. Mwaka wa 2021 Peugeot ikawa sehemu ya kundi kubwa la Stellantis.

Hesabu miaka: kutoka 1993 hadi 2017 ni miaka 24. Kijana aliyeanza ukulima bila kuona pikapu mpya ya Peugeot sasa ni mzee wa kijiji, na mwanawe hajui gari la kazi ila la Kijapani. Imani ya mteja hujengwa kwa miaka mingi, na kuirudisha baada ya kuiacha huwa ghali kuliko kuitunza.

Mambo ya kuzingatia unaponunua

Mkulima anayetaka gari la mizigo, liwe la Peugeot au la kampuni nyingine yoyote, anaweza kujiepusha na hasara kwa kufanya yafuatayo.

Kwanza, usinunue jina. Uliza gari hilo hasa lilitengenezewa soko gani na kazi gani. Kampuni moja huweza kutumia jina moja kwa magari yenye ekseli, injini na springi tofauti.

Pili, soma kibati cha uzito kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti. Toa uzito wa gari tupu kutoka kwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Ikiwa kibati kinasema kilo 2,800 na gari tupu lina kilo 1,600, unabakiwa na kilo 1,200, na humo wamo dereva na utingo.

Tatu, kabla ya kulipa, zunguka katika maduka ya vipuri ukiwa na orodha ya vitu vitano: klachi, breki, shokabsoba, pampu ya maji na gasketi ya silinda. Kikikosekana kimoja katika mji ulio karibu nawe, jiulize maziwa yatakaa siku ngapi kikingojwa.

Nne, muulize fundi wako, si wa muuzaji, kama amewahi kuifungua injini ya aina hiyo.

Tano, ikiwa unaagiza gari lililotumika kutoka ng'ambo, kumbuka kwamba sheria za Kenya hazikubali gari lililozidi miaka minane, na usukani sharti uwe upande wa kulia.

Na kwa yule anayetaka 504 nzee iliyo humu nchini: lala chini uitazame fremu. Injini hufufuliwa, lakini chuma kilicholiwa na kutu chini ya sakafu hakina dawa ya bei rahisi. Hakikisha pia kwamba hati ya umiliki ina jina la anayekuuzia, kwa sababu magari mengi ya umri huo yamepitia mikono mingi bila kuandikishwa upya.

Funzo la mwisho linamhusu mkulima akiwa muuzaji. Peugeot haikushindwa kuunda gari zuri. Iliendelea kuunda mazuri na kushinda tuzo. Ilichofanya ni kumtazama mteja aliye karibu na kumsahau wa mbali aliyekuwa akilitegemea gari lake kwa riziki. Mwenye ng'ombe anayeruka nyumba aliyoizoea kuipelekea maziwa kwa sababu amepata hoteli inayolipa zaidi anafaa kukumbuka kwamba jirani huyo hatakaa na kiu akimngoja. Kesho atanunua kwa mwingine, na huenda asirudi tena.