Fahamu: Hofu ya ghafla ikikushika, ufanyeje?

Juni 2014, katika siku mbili, watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani, Kaunti ya Lamu. Miaka imepita, lakini wapo ambao basi likikaribia msitu wa njia ya Garsen moyo huwaenda mbio, pumzi hukatika, vidole hufa ganzi, wakaamini wanakufa.

Hiyo ni hofu ya ghafla. Mwili umejiandaa kukimbia hatari isiyokuwepo. Aghalabu hufika kilele ndani ya dakika 10, kisha hupungua. Ndugu, usipigane nayo. Kandamiza nyayo sakafuni, vuta pumzi taratibu, itoe polepole zaidi, kisha taja unachokiona na kukisikia: mlingoti, adhana, punda. Mbinu za namna hii zimo katika kijitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani cha 2020, kisichohitaji mwalimu.

Wengine husema ni jini. Kisomo hutuliza, wala sikikatazi. Ila maumivu ya kifua yakikupata mara ya kwanza, nenda hospitali upimwe moyo. Msalaba Mwekundu wa Kenya husikiliza bila malipo kwa nambari 1199.