Kianzio cha Nyumba Kitatoka Wapi?

Likizo iliyopita nilimsikia mama akimwambia baba, "Malipo ya kila mwezi tutayaweza, lakini kianzio je?" Nikaulizauliza. Kumbe tangu 2020 sheria ya Kenya humruhusu mwenye akiba katika mfuko wa pensheni wa kazini kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, bora isizidi shilingi milioni 7. Mwenye milioni 2 aweza kupata shilingi 800,000. Huo si mkopo, jamani! Lakini ndipo baba aliponyamaza: kitakacholiwa leo hakitakuwapo uzeeni. Haba na haba hujaza kibaba, ila kikichotwa hupungua. Mpaka leo wazee wangu wangali wanashauriana.